Je, Nakala Inatosha Kurudisha Amana?

Mtu akiniwekea ng'ombe wake, siku atakapokuja nitamrudishia ng'ombe yuleyule, hata kama zizini nina mwingine wa rangi ileile na umri uleule. Akinikopesha kilo kumi za mchele, nitamlipa mchele wowote wa namna ile, wala hatanidai punje zake. Fikihi tuliyosomeshwa inaweka mpaka hapo: amana hurudishwa kwa aini yake, yaani kitu chenyewe, na mkopo hulipwa kwa mfano wake. Mtoto wa chuoni huuelewa mpaka huu katika somo moja. Mimi ninayemsomesha nimekuta jambo ambalo vitabu vyetu havikulitaja. Mzee aliniachia sauti yake. Sauti imekaa ndani ya diski, diski inazeeka, mfumo wa kompyuta iliyokuwa ikiisoma umefika mwisho wa safari, na imenilazimu kuihamisha. Nitakachomkabidhi mjukuu ni kile alichoniachia babu yake, au ni mfano wake? Na ikiwa ni mfano, nimeirudisha amana au nimeila?

Swali hili limenijia kazini. Ninaishi Kabezi, kando ya barabara kuu inayotoka Bujumbura kwenda Rumonge na Nyanza-Lac. Asubuhi ninafanya kazi katika chumba kimoja cha sekretaria: kuchapa barua za watu wanaokwenda kwenye komini, kutoa fotokopi, kupiga picha za vitambulisho. Alasiri nasomesha watoto Kurani. Nilizaliwa Ujiji. Wazazi wangu walivuka ziwa kutoka Rumonge mwaka 1972, mapigano yalipoanza huko mwishoni mwa Aprili na mauaji yakaenea nchi nzima. Waliorudi miaka ya 2000 walikuta mashamba yao ya michikichi yana watu wengine, baadhi wakiwa wamepewa na serikali, baadhi wamenunua kwa nia safi kutoka kwa aliyepewa. Mwaka 2006 iliundwa tume ya taifa ya ardhi na mali nyingine, ile ambayo kila mtu anaiita CNTB, na kesi zikajaa. Hati zilikuwa chache. Walichokuwa nacho wazee wengi ni kumbukumbu: nani alipanda michikichi ipi, mpaka ulifuata kijito kipi kabla hakijaingia mto Dama, nani alikuwa jirani upande wa milima na nani upande wa ziwa, na nani amezikwa wapi.

Basi nikaanza kuwarekodi, kwanza kwa simu ya vitufe, baadaye kwa kinasa sauti kidogo. Mzee mmoja alipomaliza kusema aliniambia, “Mwalimu, haya si maneno yako. Umeyapokea tu. Wajukuu wangu wakikua, wape.” Nikamjibu, “Inshallah, baba.” Jibu hilo ndilo linalonifunga. Katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 58, Mwenyezi Mungu anaamuru amana zirudishwe kwa wenyewe, na katika Al-Ahzab tunaambiwa kwamba mbingu, ardhi na milima vilikataa kuibeba amana, akaibeba mwanadamu. Mzee yule alifariki. Amana haikufa naye.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha huduma yake ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11 inataka chipu ya usalama ambayo mashine yangu haina, na bei ya kompyuta mpya Bujumbura haikamatiki. Nikaweka Linux, ambayo hailipiwi na inakwenda vizuri katika mashine kuukuu. Kompyuta ikabadilisha mfumo, lakini diski za nje zikabaki na desturi zao za zamani. Hapo ndipo watu wengi wanapopotelewa. Kila mfumo una namna yake ya kuandika juu ya diski: faili linaanzia wapi, linaishia wapi, linaitwa nani, lilibadilishwa lini. Windows hutumia NTFS, iliyoanza mwaka 1993. Mac ilitumia HFS+ kuanzia 1998, kisha APFS kuanzia 2017. Linux nyingi hutumia ext4. Linux inasoma na kuandika NTFS. Mac inaisoma tu bila kuiandikia. Windows yenyewe, ukiiletea diski ya Mac au ya ext4, haioni kitu.

Nasema haioni kitu, na hapo nina la kusema zaidi. Kijana mmoja wa Magara aliletewa diski na shangazi yake aliyeko Ubelgiji. Ndani mlikuwa na video za bibi yake, marehemu. Aliipeleka kwanza kwenye kibanda kimoja mjini. Windows ikatoa ujumbe wake kwa Kifaransa kwamba diski hiyo haiwezi kutumika mpaka ifomatiwe. Fundi akamwambia diski imekufa, alipe ifomatiwe, angalau apate mahali pa kuwekea filamu. Kijana akasita, akaichomoa, akapanda gari mpaka kwangu. Ilikuwa diski ya Mac, ya mfumo wa HFS+, ambao Linux inaweza kuusoma ingawa kwa kawaida haiuandikii. Nilipoichomeka folda zikafunguka moja baada ya nyingine, na bibi yake akatokea mbele ya nyumba, anacheka na mtu asiyeonekana kwenye picha. Kijana akasema taratibu, “Kumbe alikuwemo muda wote.”

Maneno hayo yamekaa nami. Mashine iliyopaswa kukiri kwamba haijui kusoma ilitoa hukumu kwamba hakuna cha kusomwa, kisha ikashauri kifutwe. Nimeona watu wakiendesha imani zao hivyohivyo. Wale wanaotajwa mwanzoni mwa Sura ya Al-Qiyama walidhani mifupa iliyotawanyika haiwezi kukusanywa tena, na jibu walilopewa linafika mpaka ncha za vidole. Hoja yao ilikuwa nini zaidi ya ujumbe ule wa Windows? Hatuoni mpangilio wowote katika udongo huu, basi haumo. Sidai kwamba diski ya kijana wa Magara inathibitisha ufufuo. Nadai jambo dogo zaidi, ambalo kwangu ni zito: kushindwa kwangu kusoma ni habari inayonihusu mimi. Haijasema lolote juu ya kilichoandikwa.

Lugha yetu ina ushahidi wake katika hili. Katika nyaraka za Goa, India, zimehifadhiwa barua za Kiswahili zilizotoka Kilwa, za kuanzia mwaka 1711, kwa herufi za Kiarabu. Ni miongoni mwa maandishi ya Kiswahili ya kale zaidi tunayoyajua. Zilikaa mikononi mwa watu ambao wengi wao hawakujua Kiswahili, nao hawakuzitupa. Huku kwetu mambo hayakwenda vizuri hivyo. Pale Ujiji babu zetu waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Shule zikaja na herufi za Kilatini, na kizazi kimoja tu kikatosha kufunga mlango. Nimeona madaftari ambayo wajukuu wanayabusu na kuyaweka juu ya kabati wakidhani yote ni dua. Nimeyafungua. Mengine ni hesabu za madeni ya chumvi na samaki, majina ya walioshuhudia mauzo ya kiwanja. Waliyahifadhi kwa heshima bila kuyasoma, nami nawashukuru, maana waliochoma ya kwao hawana tena cha kuletewa mtu anayejua.

Turudi kwenye aini. Mtu anaweza kunijibu haraka: mrudishie mjukuu diski yenyewe, mambo yaishe. Lakini diski niliinunua mimi, na mzee hakuniachia chuma. Aliniachia maneno. Maneno hayo yalipotoka kinywani yalikuwa mtikisiko wa hewa uliokwisha palepale uani kwake. Kilichobaki ni mpangilio uliowekwa ndani ya simu. Kutoka simu ukaingia kompyuta, kutoka kompyuta ukaingia diski. Tangu siku ya kwanza nilikuwa na nakala. Aini ya namna ya ng'ombe haikuwahi kuwapo mikononi mwangu.

Hapa nimepata msaada mahali ambapo sikutarajia kuupata, kwa wanazuoni wa tauhidi wa madhehebu ya Ash'ari. Wao waligawa vilivyoumbwa kuwa jauhari na aradhi. Rangi, mwendo, joto na sauti ni aradhi, hali zinazokaa juu ya kitu. Na walishika, akiwamo al-Baqillani aliyefariki Baghdad mwaka 1013, kwamba aradhi haidumu nyakati mbili. Weupe wa ukuta huu wa sasa si weupe wa punde. Mungu anauumba upya kila wakati, na kudumu kwa kitu ni kudumu kwa kuumbwa kwake. Kwa rai hiyo hata faili ambalo sikuligusa, limelala katika diski ileile tangu mwaka lililorekodiwa, linafika leo kwa kuumbwa upya wakati baada ya wakati. Tofauti kati ya asili na nakala inakuwa nyembamba sana. Zote mbili zipo kwa sababu yupo anayezishika.

Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, anakwenda karibu zaidi na jambo langu. Katika mas'ala ya mwisho ya kitabu chake cha kuwajibu wanafalsafa, *Tahafut al-Falasifa*, anajibu hoja kwamba mwili uliokwisha kuwa udongo, ukaliwa na mimea na wanyama, hauwezi kurudi. Anasema nafsi inaweza kurudishiwa mwili, uwe wa maada ileile ya kwanza au ya nyingine, kwa kuwa mtu ni yeye kwa nafsi yake, si kwa mwili wake. Mwili huo umekuwa ukibadilika tangu utoto mpaka uzee, unakonda na kunenepa, na mwenyewe ni yuleyule. Nikiipima sauti ya mzee kwa mizani hii, kuhama kutoka NTFS kwenda ext4 hakumwondolei chochote. Mpangilio wa maneno, pumzi zake, kikohozi chake vimevaa maada nyingine.

Ila kuna tofauti ambayo sitaki kuipita mbio. Nafsi anayoizungumzia Ghazali inamrejea Mungu asiyesinzia wala kulala. Sauti ya mzee inanitegemea mimi, na mimi nasinzia. Kwa hiyo hoja ya wanazuoni inanihalalishia kunakili, lakini hainiambii kwamba nimenakili sawasawa. Hilo linataka utaratibu, na utaratibu wake Waislamu tunao tangu karne ya kwanza.

Baada ya vita vya Yamama, ambamo wengi waliohifadhi Kurani kifuani waliuawa, Abu Bakr alimwagiza Zayd bin Thabit aikusanye kutoka kwenye ngozi, mifupa, makuti ya mitende na vifua vya watu. Inapokewa kwamba Zayd hakupokea kipande cha maandishi bila mashahidi wawili, ingawa yeye mwenyewe alikuwa amehifadhi. Kurasa hizo zilikaa kwa Abu Bakr, kisha kwa Umar, kisha kwa binti yake Hafsa. Khalifa Uthman alipotaka kuandikisha misahafu ya kupeleka mijini, alituma kwa Hafsa kuziomba na akaahidi kuzirudisha. Kazi ilipokwisha alizirudisha. Watu wakisimulia habari hii hukimbilia moto, kwamba Uthman alichoma. Alichoma maandishi mengine yaliyokuwa yakitofautiana mikononi mwa watu. Kurasa alizonakilia hakuzigusa. Zilirudi nyumbani kwa mwenyewe na zikabaki huko mpaka Hafsa alipofariki. Ndipo Marwan bin al-Hakam, gavana wa Madina, alipozichukua na kuziharibu, kwa kuchelea kwamba siku za mbele zitawatia watu shaka.

Angalia mpangilio wa matendo hayo. Kwanza ushahidi, kisha kunakili, kisha kumrudishia mwenye mali, na kufuta kurasa zilizonakiliwa kukaja mwisho kabisa, baada ya nakala kusomwa na umma kwa miaka. Mtu anayehamia mfumo mpya leo hufanya kinyume. Anaburuta mafaili kwa haraka, anaona majina yametokea upande wa pili, anafomati diski ya zamani jioni ileile kwa sababu anahitaji nafasi.

Wanakili wa vitabu vya Kiislamu waliendelea na desturi hiyo. Nakala mpya ilisomwa sambamba na ile iliyonakiliwa, na mahali walipofikia pakatiwa alama pambizoni. Kitabu kisichopitia mukabala huo hakikutegemewa. Linux ina amri inayofanya mukabala, sha256sum. Ukiipa faili, inalisoma lote na kutoa mfululizo wa tarakimu na herufi 64. Ikibadilika biti moja tu katika mazungumzo ya saa nzima, mfululizo unageuka kabisa. Naiendesha juu ya diski ya zamani, naiendesha juu ya mpya, nalinganisha. Pale palipotofautiana nanakili tena.

Na mashine hii ni shahidi mmoja. Inaweza kuapa kwamba nakala inafanana na kilichokuwa kwenye diski ya kwanza. Haiwezi kuapa kwamba kilichokuwa kwenye diski ya kwanza kilikuwa kizima, wala kwamba anayesema humo ni fulani mwana wa fulani. Kwa hilo nilimwita binti wa mzee, mama anayeuza mawese sokoni Rumonge, akaja Kabezi akakaa kwenye kiti cha wateja. “Mama,” nikamwambia, “naomba usikilize mpaka mwisho, hata kama unayajua.” Akasikiliza. Baba yake alipofika mahali anapokohoa, kisha akaanza kutaja waliozikwa ukingoni mwa shamba, yule mama akanyanyua mkono nikasimamisha. “Hapa alikuwa ameshaanza kuugua,” akasema. “Ni siku chache kabla ya mfungo. Nilikuwa jikoni, nilimsikia anakohoa hivyo.”

Ushahidi huo ulikuwa na thamani kubwa kuliko alivyojua. Tarehe ya faili ni sehemu ya ushuhuda, na tarehe ndicho kitu cha kwanza kupotea njiani. Katika Linux ukitumia amri ya cp tupu, faili jipya linapewa saa ya kunakiliwa. Ukitumia cp -p, au rsync -a, tarehe ya mabadiliko ya mwisho inahama pamoja nalo. Nilikuwa nimetumia rsync, na tarehe ikakubaliana na mfungo wa mwaka ule. Ila mafaili yaleyale, yaliyopita kwenye flashi na simu za ndugu zake, yalionyesha miaka ambayo mzee alikuwa kaburini. Wakili wa upande wa pili akiliona faili la namna hiyo atauliza, na atakuwa na haki ya kuuliza: marehemu alisemaje mwaka huo?

Jirani yangu ni katekista wa parokia hapa Kabezi, na tumezoea kubishana kwa amani kibarazani. Aliposikia habari ya mukabala alisema, “Mwalimu, mnajitesa na herufi. Yesu alihubiri kwa Kiaramu, Injili zikaandikwa kwa Kigiriki, mimi nazisoma kwa Kirundi. Sijawahi kuhisi nimepewa kitu kingine.” Ni hoja nzuri, na sikuipinga palepale. Imani yake inasimama juu ya ujumbe uliokubali kuvaa kila lugha. Yangu inasema Kurani ni Kurani kwa maneno yake ya Kiarabu, na kilichomo katika lugha nyingine ni maelezo ya maana yake. Sheikh Abdallah Saleh Farsy alipotoa *Qurani Takatifu* mwaka 1969, aliweka Kiarabu na Kiswahili pamoja, ili msomaji asiitegemee tafsiri akiwa ametupa asili.

Maneno ya katekista yalinisaidia kutenganisha vitu ambavyo mafundi huviita kwa jina moja. Kunakili faili ni jambo moja. Kuligeuza ni jambo lingine. Rekodi zangu za kwanza, za simu ya vitufe, ni za aina ya AMR, iliyobuniwa kwa ajili ya mazungumzo ya simu. Sauti inapimwa mara 8,000 tu kwa sekunde na kubanwa sana. Redio nyingi na simu za sasa hazipendi faili hilo, kwa hiyo watu huligeuza kuwa MP3. Na MP3 inafanya kazi kwa kuondoa kile ambacho inahesabu kwamba sikio halitakikosa. Hiyo ni tafsiri. Mfasiri ameamua kwa niaba yangu kipi ni muhimu. Inafaa kwa mjukuu anayetaka kumsikia babu yake ndani ya basi, nami nawapa watu MP3 bila kusita. Lakini AMR inabaki kando yake, kama Kiarabu kando ya Kiswahili, kwa ajili ya mtu wa baadaye atakayekuwa na masikio au mitambo ambayo sisi hatuna.

Fikihi inasema mwenye kuwekewa amana halipi ikipotea bila kosa lake; hulipa akifanya uzembe au akivuka mipaka. Uzembe hapa Kabezi una sura zake. Umeme wa REGIDESO hukatika, na ukikatika katikati ya kunakili, faili linaweza kubaki na jina lake kamili na nusu ya maneno yake. Diski ikichomolewa bila kuagwa, Linux inaweza kukataa kuandika juu yake mpaka ikaguliwe kwanza. Mfumo wa exFAT, ambao Microsoft iliutoa mwaka 2006, unasomeka kwa Windows, Mac na Linux ya sasa, lakini hauna ile kumbukumbu ya ndani inayosaidia diski kujirekebisha baada ya umeme kukatika. Kwa hiyo nina diski ya ext4 ya kuhifadhia na diski ya exFAT ya kukabidhia, na sinakili chochote kama betri ya kompyuta haijajaa. Ziwa nalo lilituonya. Mwaka 2021, na tena mwaka 2024, Tanganyika ilipanda ikaingia majumbani kuanzia Gatumba mpaka Rumonge, na makaratasi ya watu yakaelea pamoja na magodoro. Nakala moja iko kwa ndugu yangu, juu milimani. Anayejua haya yote kisha akaweka kila kitu katika diski moja, ndani ya nyumba moja ya mwambaoni, sijui atajiteteaje mbele ya kadhi.

Kuvuka mipaka ni jambo lingine, na linanitisha zaidi kuliko maji. Wazee wale walitaja majina. Walisema nani alihamia shamba la nani, nani alimficha nani mwaka ule, nani alionyesha njia. Baadhi ya waliotajwa wana watoto wanaosali na watoto wa aliyewataja. Ng'ombe wa amana ni mmoja. Siwezi kumpa mtu bila mwenyewe kumkosa zizini. Sauti inaweza kwenda nyumba mia na bado iko kwangu, wala hakuna atakayejua. Urahisi wa kunakili unaoiokoa amana ndio unaoweza kuivunja. Nimekataa kutuma rekodi moja kwa WhatsApp kwa mtu mwenye madai ya kweli kabisa, kwa sababu mzee aliitoa kwa wajukuu zake na yeye si mjukuu. Alikasirika. Nilimwelekeza kwa familia ile waombane wenyewe.

Ndiyo maana hata kufuta kumeingia katika amana. Unapofuta faili kwa kawaida, kompyuta inaondoa tu habari za mahali lilipo. Maneno yenyewe yanaweza kubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na mwenye programu ya kuokoa mafaili anaweza kuyatoa. Kompyuta na diski nyingi za mitumba zinazouzwa huku zimebeba maisha ya watu wasiojua. Kabla diski yangu ya zamani haijatoka mikononi mwangu itaandikwa juu yake mwanzo mpaka mwisho. Lakini haitatoka kabla familia hazijasikiliza na kuniambia zimeridhika, kama kurasa zilivyorudi kwa Hafsa kwanza.

Jibu langu, basi, ni kwamba nakala inatosha kurudisha amana ya sauti, kwa masharti. Ilinganishwe na iliyotangulia. Ishuhudiwe na mtu anayemjua msemaji. Iliyogeuzwa isichukue nafasi ya iliyonakiliwa. Wenyewe ndio watoe ruhusa ya kufuta. Likikosekana moja kati ya hayo, mikononi mwa mjukuu kutakuwa na faili lenye jina la babu yake, nami nitakuwa bado nadaiwa. Wanaojua fikihi kuliko mimi wakiona nimekosea, nitawasikiliza.

Nina ombi kwa wasomaji wa mwambao huu, na kwa wale waliobaki ng'ambo. Watu zaidi ya 160,000 waliokimbia mwaka 1972 na watoto wao walichukua uraia wa Tanzania, na kati ya Ulyankulu, Katumba, Mishamo na vijiji vya Kigoma zipo kaseti za wazee, za harusi, za hitima, za salamu zilizotumwa kwa ndugu waliobaki Burundi. Utepe wa kaseti unaharibika, na redio za kuzichezea zinazidi kuwa adimu. Mwenye nayo asiirekodie kitu kingine juu yake, na asikubali kuambiwa kwamba imekufa. Anayeweza kufika Kabezi ailete. Aje pia na mtu mmoja anayeitambua sauti hiyo.